Mary Moffat Livingstone: Mama Robert aliyezikwa kando ya Zambezi

Shupanga ni mahali palipo ukingoni mwa kusini mwa mto Zambezi, katika jimbo la Sofala nchini Msumbiji, pale mto unapokuwa umekwisha kupanuka na kupunguza mwendo wake ukielekea baharini. Hapo pana kaburi la mwanamke aliyefariki dunia Aprili 27, 1862, akiwa na umri wa miaka 41. Wageni wanaofika kulitazama huvutwa na jina la mumewe kuliko lake mwenyewe, na jambo hilo halishangazi, kwani ndivyo alivyotendewa hata alipokuwa hai.

Jina la David Livingstone halihitaji maelezo kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Ujiji pana kumbukumbu yake, Bagamoyo ndiko mwili wake ulikofikishwa pwani, Malawi ina mji wa Blantyre uliopewa jina la mahali alipozaliwa huko Uskoti, na Zambia ina mji unaoitwa kwa jina lake mwenyewe. Mkewe, Mary, hutajwa katika vitabu vingi kwa mistari michache: aliolewa, alizaa, aliugua, alifariki. Hata hivyo alisafiri Afrika kabla ya mumewe kukanyaga bara hili, aliijua lugha ya wenyeji kabla ya mumewe kuisikia, na sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha njiani, kutoka kanisa hadi kanisa na kutoka nyumba ya ndugu hadi nyumba ya ndugu, akiwa na watoto wadogo mikononi.

Alizaliwa Aprili 12, 1821, katika kituo cha Griquatown, ndani ya nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Robert Moffat na Mary Smith, wamisionari wa Chama cha Misheni cha London. Baba alikuwa mtunza bustani kutoka Uskoti. Mama alikuwa binti wa mwenye shamba la miche huko Dukinfield, karibu na Manchester. Walijuana kwa sababu kijana alipata kazi katika shamba la baba wa binti. Kituo chao cha kudumu kikawa Kuruman, penye chemchemi kubwa isiyokauka hata wakati wa ukame, na bustani aliyoipanda Moffat kwa mikono yake ikasifiwa na kila msafiri aliyepita. Baba alitumia miaka mingi kujifunza Kitswana, hatimaye akaitafsiri Biblia nzima kwa lugha hiyo. Binti hakuwa na haja ya kujifunza. Alikulia ndani yake.

Nyumba ya magurudumu

Ili kuyafahamu maisha ya Mary, yafaa kwanza kulifahamu gari la maksai. Lilikuwa gari refu la mbao lenye magurudumu manne, limefunikwa turubai juu ya matao, likikokotwa na maksai kumi na wawili au zaidi waliofungwa nira wawili wawili. Mwendo wake haukuwa zaidi ya mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Ndani yake familia ililala, ilipika kando yake jioni, iliweka vitabu, unga, dawa na mabomba ya maji. Gurudumu likivunjika, safari ilisimama hadi mti ufaao upatikane na kuchongwa. Kisima kikikutwa kikavu, maksai walifunguliwa na kupelekwa kutafuta maji, na wenye gari wakangoja. Kwa mtoto wa misheni, gari hilo lilikuwa makazi ya pili.

Kwa gari kama hilo Mary alipelekwa shuleni Salem, karibu na Grahamstown, safari ya majuma mengi kutoka Kuruman, na baadaye Cape Town kujifunza ualimu. Wazazi waliokaa mbali namna ile hawakuweza kumrudisha mtoto kila likizo. Miezi ilipita bila kuonana, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Mwaka 1839 familia nzima ilipanda meli Cape Town kwenda Uingereza. Safari ilianza kwa msiba. Meli ikiwa bado haijaondoka ghubani, mama Moffat alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye mwanawe wa kiume, Jamie, aliyekuwa na umri wa miaka sita, akafa kwa surua. Mary alikuwa na miaka kumi na minane. Hiyo ndiyo safari yake ya kwanza katika nchi ambayo wazazi wake waliiita nyumbani, na ambayo kwake ilikuwa ugenini.

Mmisionari aliyerudi kwao wakati ule hakurudi kupumzika. Chama kilimpangia ziara kutoka mji hadi mji. Alihubiri, alisimulia habari za nchi alikotoka, sadaka zikakusanywa, na usiku alilala katika nyumba ya muumini fulani ambaye naye alitaka kusimuliwa tena yale yale. Makanisa ndiyo yaliyolipia misheni, na makanisa yalitaka kumwona mtu waliyemlipia. Robert Moffat, mrefu, mwenye ndevu nyingi na sauti ya kujaza ukumbi, alikuwa hodari sana katika kazi hiyo. Alizunguka Uingereza na Uskoti kwa miaka, akachapisha Agano Jipya la Kitswana mwaka 1840 na kitabu cha habari za kazi yake mwaka 1842. Mkewe na watoto walibaki nyuma, wakiishi kwa ndugu na marafiki.

Miongoni mwa waliovutwa na maneno ya Moffat alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa amefanya kazi kiwandani tangu akiwa na miaka kumi. Livingstone alikuwa amenuia kwenda China, lakini vita vya huko vilimfungia njia. Alipokutana na Moffat mjini London na kusikia habari za nchi iliyoko kaskazini ya Kuruman, aligeuza nia. Aliondoka Uingereza Desemba 1840 na kufika Kuruman mwaka uliofuata, wakati wenyeji wake, akina Moffat, wangali Ulaya wakizunguka makanisani. Aliyajua maktaba, bustani na kitanda chao kabla ya kumjua binti yao.

Ndoa na ukame

Familia ya Moffat ilirudi Kuruman mwishoni mwa 1843. Miezi miwili baadaye, Februari 1844, Livingstone alishambuliwa na simba huko Mabotsa. Mfupa wa mkono wake wa kushoto, karibu na bega, ukavunjika vibaya na haukupona sawasawa maisha yake yote. Alikwenda Kuruman kuuguza jeraha, na katika miezi hiyo, chini ya mlozi uliokuwa bustanini, akamposa Mary. Walifunga ndoa Januari 1845.

Barua za Livingstone za wakati huo zinamweleza mchumba wake kwa namna ya mtu anayesifia mali imara: mnene, mwenye nywele nyeusi, mwenye akili ya kawaida ya kutosha, anayefaa kwa kazi. Wasomaji wengi wa leo huchukizwa na maneno hayo. Mwandishi wa makala haya hadhani kwamba yanathibitisha kukosekana kwa upendo, maana barua alizomwandikia mkewe baadaye zina upole mwingi. Lakini yanaonyesha wazi kwamba tangu mwanzo alihesabu kile ambacho mke huyo angeweza kustahimili.

Na kilichostahimiliwa hakikuwa kidogo. Katika miaka saba walijenga nyumba tatu: Mabotsa, kisha Chonuane, kisha Kolobeng, karibu na Gaborone ya leo nchini Botswana, walikohamia mwaka 1847 pamoja na Kgosi Sechele wa Wakwena. Mary alioka mkate, alitengeneza mishumaa kwa mafuta ya wanyama, alipika sabuni kwa majivu ya mimea, alisukasuka siagi, alishona, kisha mchana, jua likiwa kali, alikwenda kufundisha watoto wadogo. Mumewe mwenyewe ameandika ratiba ya siku hizo, naye hakuficha kwamba kazi ya mke ilianza alfajiri na kumalizika usiku. Juu ya hayo ukaja ukame wa miaka mfululizo. Mto Kolobeng ulikauka, wanawake wa kijiji wakauza mapambo yao kwa makabila jirani ili wapate nafaka, na watu wakala nzige.

Mtoto wa kwanza, Robert, alizaliwa mwaka 1846. Tangu hapo Watswana walimwita mama yake Ma-Robert. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa desturi hiyo, kwani kwetu naye angeitwa Mama Robert tangu siku ya arobaini. Wazungu waliolisikia jina hilo waliliona la kigeni na la kupendeza. Kwa Mary, aliyekua miongoni mwa wasemaji wa Kitswana, lilikuwa jina la heshima la kawaida. Agnes akafuata mwaka 1847, na Thomas mwaka 1849.

Kutoka Kolobeng hadi Kuruman kwa wazazi wake ilikuwa safari ya kiasi cha wiki mbili kwa gari. Mary aliifanya mara kadhaa, kwa kujifungua, kwa kuuguza au kwa sababu chakula kilikuwa kimekwisha. Agnes alizaliwa Kuruman katika mojawapo ya safari hizo. Mama yake naye, ingawa alikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, alipanda gari kwenda kumtembelea binti yake na wajukuu. Ziara hizo za ndugu kwa ndugu ndizo zilizowafanya waweze kuishi. Misheni haikuwa na msaada mwingine ulio karibu.

Ziwa Ngami na mto Chobe

Mwaka 1849 Livingstone, pamoja na wawindaji wawili Waingereza, alivuka jangwa la Kalahari na kufika Ziwa Ngami. Mary alibaki. Mwaka uliofuata, Aprili 1850, mumewe aliamua kwamba safari ya pili itakuwa ya familia nzima. Robert alikuwa na miaka minne, Agnes hajatimiza mitatu, Thomas alikuwa na mwaka mmoja, na Mary alikuwa mjamzito.

Walifika ziwani, na kwa muda mfupi watoto walicheza katika maji ya kina kifupi baada ya majuma ya mchanga. Livingstone alitaka kuendelea kaskazini kwa Sebetwane, mtawala wa Wakololo. Alimpa chifu Lechulatebe bunduki nzuri ili apewe viongozi wa njia na ili mkewe na watoto waliobaki ziwani wapatiwe nyama. Mpango ulikuwa tayari. Kisha homa ikawashika watoto. Mchoraji kijana Mwingereza aliyekuwa hapo alikuwa amekwisha kufa kwa homa hiyo hiyo. Livingstone aligeuza gari.

Walirudi Kolobeng, na mwezi Agosti Mary akajifungua msichana, Elizabeth. Mtoto aliishi wiki sita tu. Alizikwa Kolobeng, na kaburi lake lipo hadi leo karibu na mabaki ya nyumba. Mama mwenyewe alipooza upande mmoja wa uso, akapelekwa Kuruman kupumzika.

Hapa ndipo sauti ya mama Moffat inaposikika. Alipopata habari kwamba mkwewe ananuia kumchukua tena Mary katika safari ya jangwani, na kwamba Mary ana mimba nyingine, alimwandikia barua kali. Alimkumbusha kwamba alikuwa ameahidiwa jambo hilo halitafanyika. Alimuuliza kama kifo cha mtoto mmoja hakitoshi, na ni jambo gani la heshima lililopo katika kumburuta mwanamke mjamzito na watoto wachanga kati ya wanaume, nyikani, kwa ajili ya kutalii nchi. Barua hiyo tunaifahamu kwa sababu Livingstone aliinakili katika daftari lake la kumbukumbu. Kwa nini aliinakili, msomaji na aamue. Hakuitii.

Safari ya 1851 ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Walichukua njia iliyopita eneo kavu kabisa, na kiongozi wao akapotea. Mtumishi mmoja alikuwa ametumia ovyo maji yaliyohifadhiwa garini, na kilichosalia kikawekwa kwa ajili ya watoto. Usiku ulipita, asubuhi watoto wakalilia maji kwa sauti zaidi. Livingstone ameeleza katika kitabu chake kwamba mama yao hakumlaumu kwa neno hata moja, bali macho yake yalisema. Alasiri ya siku ya tano, watu waliotumwa kutafuta walirudi na maji.

Walifika mto Chobe na kupokewa kwa ukarimu na Sebetwane, ambaye alikuwa amengoja kwa miaka kukutana na wazungu. Baada ya siku chache Sebetwane akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Livingstone na rafiki yake William Cotton Oswell wakaendelea mbele kwa farasi hadi wakauona Zambezi mkubwa karibu na Sesheke. Mary na watoto walibaki kambini, mahali penye mbu na mbung'o. Mbung'o peke yao waliwamaliza maksai 43 wa msafara. Wakati wa kurudi, Septemba 15, 1851, kando ya mto Zouga, Mary alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa William Oswell. Hakukuwa na mkunga, wala mama, wala nyumba.

Miaka minne na nusu ya kungoja

Livingstone aliona sasa kwamba kazi aliyoitaka haiwezi kufanywa na gari lililojaa watoto. Machi 1852 familia ilifika Cape Town wakiwa wamevaa nguo zilizochakaa na kupitwa na wakati. Oswell alitoa fedha zake mwenyewe kuwavisha. Aprili 23 Mary na watoto wanne walipanda meli kwenda Uingereza. Mumewe aliahidi kwamba utengano ungedumu miaka miwili.

Kipindi kilichofuata ndicho kisichozungumzwa sana, na pengine ndicho kigumu kuliko jangwa. Mary alikuwa na umri wa miaka 31, hana nyumba, na posho ndogo ya chama haikutosha. Alikwenda kwanza Hamilton, Uskoti, kwa wazazi wa mumewe, wazee wa dini kali katika nyumba ndogo. Watoto waliozoea kukimbia porini na kusema Kitswana waliingia katika nyumba ambamo siku ya Jumapili ilishikwa kwa ukimya. Haikupita miezi mingi, uhusiano ukavunjika kabisa. Mary akachukua watoto na kuondoka.

Kutoka hapo alizunguka: London, Manchester penye watu waliowafahamu wazazi wake, Kendal kwa familia ya Kikweka iliyomtendea wema, Epsom. Aliandikia chama barua za kuomba fedha, mara nyingine kwa aibu, mara nyingine kwa hasira. Baba yake alikuwa amezunguka makanisa ya nchi hiyo hiyo akishangiliwa. Yeye alizunguka nyumba za watu wale wale akiomba malazi. Inasemwa pia kwamba ni katika miaka hii alianza kutafuta faraja katika pombe, na wasafiri wenzake wa baadaye wameandika hivyo waziwazi. Imani yake nayo ilitikisika.

Mumewe wakati huo alitembea kutoka Linyanti hadi Luanda, kisha akavuka bara zima hadi Quelimane, alikofika Mei 1856. Barua zilichukua miezi mingi, na zingine hazikufika. Nyumba yao ya Kolobeng ilikuwa imekwisha kuporwa mwaka 1852 wakati Makaburu walipowashambulia watu wa Sechele, hivyo hata kama angetaka kurudi, hapakuwa na pa kurudi.

Livingstone alipowasili Uingereza Desemba 1856, Mary alikuwa Southampton akimngoja. Alikuwa amemtungia shairi la kumkaribisha, ambalo ndani yake alitumaini hawataachana tena. Siku chache baadaye, katika mkutano wa chama, Lord Shaftesbury alimsifu Mary hadharani kwa uvumilivu wake. Ni mojawapo ya mara chache alizotajwa jukwaani.

Kiangazi cha 1857 ndicho kilichokaribia zaidi maisha ya kawaida ya familia. Livingstone aliandika kitabu chake wakiwa wamepanga nyumba London na baadaye Hadley Green, nje kidogo ya jiji. Watoto walikumbuka matembezi msituni Barnet, ambapo baba alikuwa akichupa ghafla ndani ya vichaka na kuwaacha wamtafute. Kisha kitabu kikamalizika, na ziara zikaanza: Dublin, Manchester, Glasgow, Edinburgh, Leeds, Birmingham, ukumbi baada ya ukumbi. Kitabu kilipotoka Novemba, nakala 12,000 za kwanza zilikuwa zimekwisha kuagizwa. Desemba 4, 1857, alihutubia Cambridge, na kutokana na hotuba hiyo ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ambayo baadaye ilihamia Zanzibar na kujenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Historia ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini haiwezi kuelezwa bila misheni hiyo, kwa hiyo nasi tunahusika na ziara ile.

Meli ya mwisho

Machi 1858 Livingstone, sasa akiwa na cheo cha balozi mdogo wa Uingereza na si mmisionari wa chama tena, aliondoka kwenda Zambezi. Mary alifuatana naye pamoja na Oswell mdogo. Robert, Agnes na Thomas waliachwa. Boti ya mvuke ya msafara huo ilipewa jina la Ma Robert. Lakini Ma Robert mwenyewe hakufika mtoni. Njiani alitapika bila kukoma, ikagundulika kwamba ni mjamzito, akateremshwa Cape Town. Akapanda tena gari la maksai hadi Kuruman, nyumbani kwa mama yake, na Novemba akajifungua Anna Mary. Baba hakumwona mtoto huyo hadi alipokuwa na miaka mitano. Boti nayo ilikuwa mbovu, ikimeza kuni kuliko ilivyokwenda, mabati yake yakatoboka kwa kutu, na Desemba 1860 ikazama katika fungu la mchanga. Ni vigumu kupita juu ya jambo hilo bila kuwaza.

Mary alirudi Uskoti, lakini hakutulia. Mwaka 1861 aliwaacha watoto wote, Anna Mary akiwa bado mdogo, akasafiri kumfuata mume. Walikutana mlangoni mwa Zambezi mwanzoni mwa Februari 1862, baada ya karibu miaka minne. Msafara ulikuwa katika hali mbaya. Askofu Mackenzie, kiongozi wa misheni ile iliyozaliwa Cambridge, alikuwa amefariki kwa homa siku hizo hizo, juu kando ya mto Shire. Meli mpya, Lady Nyassa, ilikuwa imeletwa vipande vipande na ilibidi iunganishwe Shupanga, sehemu ya chini ya mto, katika msimu wa homa. Kazi ikachelewa, wiki zikapita.

Mary alishikwa na homa Aprili 21. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeambukiza malaria. Ronald Ross alilithibitisha hilo mwaka 1897. Kwinini ilikuwapo, na Livingstone alikuwa ameokoa wengi kwa vidonge vyake, lakini mgonjwa alitapika kila alichopewa. Daktari John Kirk alisaidia kumtibu. Jioni ya Aprili 27 akafariki. Mtu ambaye wenzake walimfahamu kwa ukavu wa moyo alilia mbele yao. Alizikwa kesho yake chini ya mbuyu.

Kirk, aliyekuwa kando ya kitanda kile, alikuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, na mwaka 1873 alishiriki katika kumshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Watoto walitawanyika. Robert, aliyempa mama yake jina, alikwenda Afrika Kusini kumtafuta baba, hakumfikia, akavuka hadi Marekani na kujiandikisha kwa jina la uongo katika jeshi la Kaskazini. Alikamatwa Oktoba 1864 na kufa gerezani Salisbury, North Carolina, Desemba mwaka huo, akiwa na miaka kumi na minane. Agnes aliolewa na mfanyabiashara wa Uskoti, na kutoka kwa familia yake kukaja mashamba makubwa ya Magomero, Malawi, ambako manyanyaso ya wafanyakazi yalichangia uasi wa John Chilembwe mwaka 1915. Magomero ndiko askofu Mackenzie alikoanzisha kituo chake. Mtoto wa kiume wa Anna Mary, daktari Hubert Wilson, alifanya kazi ya tiba Chitambo, Zambia, nchi aliyofia babu yake.

Oswell, yule aliyezaliwa kando ya mto Zouga, alifika Zanzibar mwaka 1872 akiwa na msafara uliotumwa kumtafuta Livingstone. Henry Morton Stanley akatokea Bagamoyo na habari kwamba amekwisha kumwona, na kijana akaamua kurudi Ulaya. Mwaka uliofuata baba yake akafariki. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili hadi pwani, na Aprili 18, 1874, ukazikwa Westminster Abbey, mjini London.

Miongoni mwa waliosimama kando ya kaburi hilo alikuwa Robert Moffat, mwenye umri wa miaka 78, aliyekuwa amerudi Uingereza na kumzika mkewe huko. Kaburi la binti yake, kule Shupanga, hakuwahi kuliona.